Seti ya kupimia presha ya rejeta: tathmini baada ya kusaka uvujaji wa kulanti kwenye gari la michezo

Kwa miezi minne gari langu la michezo lilikuwa linapunguza kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, bila kuacha tone hata moja sakafuni. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nilifungua mfuniko wa nyuma na kutazama tangi la akiba, na kila mara kiwango kilikuwa kimeshuka kiasi cha upana wa kidole chini ya alama niliyokuwa nimeichora kwa kalamu ya wino mzito. Sikuona moshi mweupe, mshale wa joto haukupanda, na gari halikuwahi kuchemsha. Mbali na alama ile, kitu pekee kilichonitia wasiwasi kilikuwa harufu tamu, kama ya sharubati iliyomwagikia jiko la moto, ambayo ilinifikia kila niliposimama baada ya mwendo mrefu. Tathmini hii inahusu kifaa kilichonifumbulia jambo hilo: seti ya pampu ya mkono ya kupimia presha ya mfumo wa kupoza injini, pamoja na chupa ya rangi ya kung'aa na tochi ya mwanga wa urujuanimno vilivyokuja ndani ya sanduku lake. Nimekwisha kuitumia mara sita, katika gari hilo na katika magari mawili ya kawaida ya jamaa zangu, na nimeifahamu vya kutosha kueleza inafaa kwa kazi gani na inashindwa wapi.

Kabla ya kuinunua nilikuwa nimepewa majibu mawili tofauti. Fundi wa kwanza, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alinisikiliza kwa dakika chache akasema kwamba pampu ya maji inavuja kupitia kitundu chake cha chini, kwa sababu katika umri wa gari lile sili ya pampu huwa imechoka. Wa pili alisema ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Sikuwalaumu, maana kila mmoja alitaja ugonjwa unaotokea kweli, lakini hakuna kati yao aliyekuwa amepima chochote. Katika gari ambalo injini yake imekaa nyuma ya viti, hata lile jibu lililo jepesi linadai kuondoa viti, zulia na bamba la chuma lililo nyuma ya dereva kabla bolti ya kwanza ya pampu haijaonekana. Sikuwa tayari kuianza kazi hiyo kwa kubahatisha, na ndipo nilipoamua kwamba kitu cha kwanza kununua ni kipimo, na spea zitafuata baada ya kipimo kusema.

Ugumu wa kusaka uvujaji katika magari ya namna hii unatokana na jinsi yalivyopangwa. Katika gari la kawaida rejeta iko mbele, injini iko hatua moja nyuma yake, na mipira miwili mifupi inaziunganisha. Katika gari langu rejeta ziko mbili, kila moja imejificha nyuma ya pembe ya bampa ya mbele, na kulanti husafiri kutoka kwenye injini hadi huko na kurudi kupitia mabomba marefu ya alumini yanayopita chini ya sakafu. Kila mahali ambapo bomba gumu linaingia kwenye mpira ni mahali panapoweza kuvuja, na mahali hapo ni pengi. Halafu sehemu yote ya chini imefunikwa ngao za plastiki ili hewa ipite bila kusumbuliwa, na juu ya ngao ya nyuma kuna tabaka nene la kitambaa kama blanketi la kupunguza kelele. Tone linalodondoka kutoka kwenye kiungo halifiki sakafuni. Linanywewa na kitambaa kile, au linakaushwa na joto la ekzosi, au, gari likiwa katika mwendo, linapeperushwa na upepo na kuacha doa mahali pasipohusiana kabisa na chanzo chake. Ndiyo maana kutandika boksi chini ya gari usiku kucha, mbinu inayotosha kwa magari mengi, kwangu haikuonyesha kitu.

Sasa nirudi kwenye sanduku lenyewe. Ndani yake mna pampu ya mkono yenye geji, mpira wenye kiungio cha kuchomeka na kuchomoa, adapta kumi na mbili za rangi mbalimbali zinazokaa mahali pa kifuniko cha rejeta au cha tangi, adapta moja ya kupimia kifuniko chenyewe, chupa ndogo ya rangi ya kung'aa, tochi na miwani ya njano. Pampu ni ya chuma, imeshonana vizuri, na haikulegea hata baada ya matumizi ya mara kwa mara. Vali ya kupunguzia presha iko pembeni, nayo hutoa hewa taratibu kwa kubonyezwa kidogo kidogo, jambo ambalo nalithamini sana kwa sababu kulanti haikurukii usoni unapomaliza kupima. Adapta zimeandikwa namba tu, na karatasi ya maelekezo inaorodhesha namba hizo bila kueleza vipimo vya nyuzi za kila moja, kwa hiyo nililazimika kuzijaribu moja baada ya nyingine hadi nikapata iliyoingia bila kulazimishwa. Anayenunua seti kama hii na ahakikishe kwanza kwamba adapta ya tangi la gari lake imo, kwa kuwa bila adapta inayokaa sawasawa vifaa vingine vyote sandukuni havina kazi.

Geji ndiyo sehemu inayonikera zaidi. Inaanzia 0 na kufika bar 2.5 (bar ni kizio cha presha), ilhali vifuniko vya magari mengi hufunguka kati ya bar 0.9 na 1.5. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya uso wa geji haitumiki kamwe, na sehemu inayotumika imebanwa, mistari yake ikiwa imeachana kwa bar 0.1. Kwa uvujaji mkubwa hilo si tatizo, kwani mshale unaanguka mbele ya macho yako. Kwa uvujaji wa matone machache kwa saa, ambao ndio unaomfanya mtu anunue kifaa hiki, unajikuta unakodolea mstari mmoja ukijiuliza kama umesogea au ni jicho lako lililosogea. Nilitatua hilo kwa kuweka simu kwenye kigingi mbele ya geji na kupiga picha mwanzoni, kisha baada ya dakika 5, 10 na 15, nikazilinganisha. Mtengenezaji angeweka geji inayoishia bar 1.6, hata kama ingekuwa ya kiwango kilekile cha ubora, kifaa kingekuwa bora mara mbili.

Kwa asiyewahi kuutumia, upimaji wenyewe ni rahisi kuelewa. Injini inapopata moto kulanti inapanuka, na kwa kuwa kifuniko hakiruhusu hewa kutoka mpaka kiwango fulani kifikiwe, presha hujengeka ndani. Presha hiyo ina kazi muhimu: maji matupu, ambayo katika hewa ya kawaida usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzijoto 100, yakiwekewa presha ya bar 1 juu ya ile ya hewa hayachemki hadi yafike karibu 120, na mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya glikoli hufika karibu 130. Lakini presha hiyohiyo ndiyo inayosukuma kulanti itoke kwenye ufa ambao, gari likiwa limepoa, unakaa umefumba. Pampu ya mkono inaileta presha ya safarini huku injini ikiwa ya baridi na imezimwa, kiasi kwamba unaweza kuingiza mkono, tochi na kioo mahali ambapo vinginevyo ungeungua au kukatwa na feni. Kifuniko kimeandikwa kiwango chake juu, kwa bar, kwa psi au kwa kilopaskali, na bar 1 ni sawa na kilopaskali 100 au takribani psi 14.5. Unapampu hadi kiwango hicho na usizidishe, kwa sababu matangi ya plastiki ya zamani hupasuka kwenye mshono ukiyalazimisha kubeba yasiyoundiwa. Kifuniko changu kilisomeka bar 1.1.

Upimaji wangu wa kwanza ulinidanganya, na hili ni kosa la kifaa. Nilipampu hadi 1.1, mshale ukashuka hadi 0.8 ndani ya dakika mbili, nikaanza kulisaka tone gari zima kwa karibu saa nzima bila kuona chochote. Hatimaye nilichovya brashi kwenye maji ya sabuni na kuipitisha kwenye viungo vya kifaa chenyewe, na pale adapta inapokaa juu ya shingo ya tangi povu likaanza kuumuka kwa vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Mpira mweusi wa kuzibia wa adapta ulikuwa mwembamba na mkavu, ukiwa na mkunjo uliotokana na kubanwa ndani ya sanduku. Niliupaka grisi ya silikoni, nikaukaza upya kwa mkono, na uvujaji ule ukakoma. Nasisitiza silikoni, kwa sababu mipira mingi ya mifumo ya kupoza ni ya aina inayovimba na kulegea ikipakwa grisi ya kawaida ya petroli. Tangu siku hiyo huwa nakipima kifaa kwa sabuni kabla ya kuituhumu injini, na ningependa karatasi ya maelekezo ingelisema hilo katika mstari wake wa kwanza.

Upimaji wa pili ulikuwa wa kweli. Kushuka kidogo katika dakika ya kwanza ni kawaida, maana mipira inajinyoosha inapojazwa, kwa hiyo nilisubiri, nikaongeza hadi 1.1 tena, kisha nikaanza kuhesabu. Baada ya dakika 15 mshale ulikuwa umesimama kwenye 0.9. Sasa nilijua kwamba kuna uvujaji, kwamba ni mdogo, na kwamba unatokea hata injini ikiwa ya baridi. Hata hivyo sikuwa nimejua mahali. Ngao ya nyuma nilikuwa nimekwisha kuiondoa, gari likiwa juu ya stendi nne zilizokaa kwenye sakafu ngumu, kwa kuwa jeki peke yake si ya kumwaminia mtu aliyelala chini ya gari. Kitambaa kile cha kelele kilikuwa kimelowa upande mmoja, lakini hakikunisaidia sana, kwani unyevu ulikuwa umesambaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Hapo ndipo rangi ya kung'aa ilipoonyesha thamani yake. Nilimimina kipimo kilichoelekezwa ndani ya tangi, nikafunga kifuniko chake cha kawaida, nikaendesha gari kwa nusu saa ili rangi izunguke mfumo mzima, kisha nikaliacha lipoe hadi kesho yake. Usiku uliofuata nilizima taa zote, nikavaa ile miwani ya njano, nikapampu hadi 1.1 na kuingia chini na tochi. Pampu ya maji, niliyoambiwa kwamba ndiyo mgonjwa, ilikuwa kavu na nyeusi tii, na kitundu chake cha chini hakikuwa na hata nukta ya mwanga. Upande wa kushoto, juu ya bomba la alumini linalorudisha kulanti kutoka mbele, kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani kibichi unaong'aa, umenyooka kama uzi uliotandazwa juu ya bomba. Niliufuata mstari ule kuelekea juu kwa zaidi ya mita moja, nikapita mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimelowa, nikapita kishikizo cha bomba, mpaka nilipofika pale bomba linapoingia kwenye mpira. Kwenye ukingo wa klipu inayoubana mpira huo palikuwa na tone limening'inia. Nililitazama likijaa taratibu, likawa kama punje ya mtama, kisha likaachia na kuteleza juu ya bomba kwa kuufuata mstari uleule, na nyuma yake jingine likaanza kujitunga. Nilihesabu sekunde 40 kati ya tone na tone.

Mchana nilipapachunguza mahali hapo kwa nuru ya kawaida. Pembezoni mwa klipu palikuwa na ukoko wa waridi uliofifia, mkavu, unaovunjika kwa kucha kama chumvi iliyogandamana, ambayo ndiyo alama inayoachwa na kulanti maji yake yanapokauka na dawa yake kubaki. Ningeweza kuuona bila rangi wala tochi kama ningejua pa kutazama, lakini kujua pa kutazama ndiko kulikokuwa kazi yote. Klipu iliyokuwapo ilikuwa ya skrubu, nyembamba kuliko ile ya asili, na mtu aliyeifunga zamani alikuwa ameikaza hadi meno yake yakazama kwenye mpira na kuukata nusu ya unene wake. Chini ya mpira, alumini ilikuwa imeota unga mweupe wa kutu yake, na unga huo ulikuwa umechimba kijimfereji kwenye uso wa bomba. Presha ikipanda, kulanti ilipita katika kijimfereji kile na kutokea chini ya klipu.

Marekebisho yenyewe sitayarefusha. Niliiacha injini ipoe kabisa, nikachomoa waya hasi wa betri kwa sababu feni za umeme za baadhi ya magari huweza kuwaka zenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni, nikapunguza kulanti kwenye chombo safi, nikakata mpira wa zamani kwa urefu badala ya kuuvuta kwa nguvu na kuhatarisha bomba. Mwisho wa bomba niliusugua kwa msasa laini wa maji, nikiuzungusha msasa kulizunguka bomba wala si kwa urefu wake, kwa kuwa mkwaruzo unaokwenda kwa urefu huwa njia mpya ya kuvujia. Nilifunga mpira mpya na klipu ya springi, aina inayobana na kulegea yenyewe kadiri mpira unavyopata moto na kupoa. Wengi huzidharau klipu hizo kwa kuwa hazina skrubu ya kukaza, nami naziona bora kwa mfumo huu kuliko zile za skrubu, ambazo baada ya mizunguko mingi ya joto na baridi hubaki zimelegea huku zikionekana zimekaza.

Baada ya hapo nilifunga pampu tena, nikapampu hadi 1.1, na kwa dakika 30 mshale haukusogea. Nilidhani kazi imekwisha. Kwa ajili ya ukamilifu tu nilichukua adapta ya kupimia kifuniko, nikakilowesha kifuniko changu na kukifunga, nikapampu. Kilianza kutoa hewa kwenye 0.7. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu kiliachia palepale. Hivyo kifuniko kilichoandikwa 1.1 kilikuwa kinaachia mapema, na sehemu ya kulanti iliyokuwa ikipotea katika safari ndefu huenda ilipitia hapo kama mvuke, jambo ambalo linaeleza ile harufu karibu na tangi. Hatari yake haiishii kwenye upungufu wa kulanti, kwa kuwa presha ikipungua kiwango cha kuchemka nacho kinashuka, na katika injini inayofanyishwa kazi kubwa vipovu vya mvuke huanza kujitunga kuzunguka silinda wakati geji ya joto bado inaonyesha hali ya kawaida. Kifuniko kipya ni sehemu ndogo inayobadilishwa kwa sekunde chache. Hakuna fundi aliyekuwa amenitajia, nami mwenyewe nisingekishuku. Kama ningeulizwa ni kipengele gani kimoja cha seti hii kinachostahili kusifiwa kuliko vingine, ningeitaja adapta hiyo ndogo isiyo na mvuto.

Seti haihusiki na kujaza kulanti upya, na katika gari lenye rejeta mbele na injini nyuma hilo ni pungufu linalohisiwa. Hewa hunaswa kwenye rejeta za mbele na kwenye kona za mabomba, na hewa ikinaswa, kulanti haizunguki sawasawa hata kama tangi limejaa. Kuna kifaa kingine kinachotumia upepo wa kompresa kunyonya hewa yote na kuufanya mfumo mtupu uivute kulanti wenyewe hadi kila kona, na ningekuwa nalazimika kufanya kazi hii mara kwa mara ningekinunua bila kusita. Kwa kuwa sina kompresa, nilitoa upepo kwa njia ya kawaida: nilifungua skrubu za kutolea hewa, nikaweka hita kwenye joto la mwisho ili njia yake nayo ifunguke, nikajaza polepole, nikawasha injini hadi thamostati, vali inayofunguka kulanti ikipata moto, ikafunguka, nikaizima na kuiacha ipoe, kisha nikarudia mzunguko huo mara nne kwa siku mbili hadi kiwango kikaacha kushuka. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa na moto, hata kwa kitambaa kinene mkononi, kwani kulanti iliyo juu ya kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke papo hapo presha inapoachiwa.

Kuna uvujaji ambao kifaa hiki hakitauonyesha kwa urahisi, na anayekinunua ajue mapema. Ufa unaofunguka tu chuma kinapopanuka kwa joto unaweza kupita mtihani wa injini ya baridi bila dosari. Uvujaji wa ndani, yaani kulanti inayoingia kwenye silinda au kwenye oili, utauona mshale ukishuka pasipo tone lolote kuonekana nje, na hapo inabidi uende hatua ya pili: kuiacha presha usiku kucha, kufungua plagi asubuhi na kutazama kama kuna unyevu juu ya pistoni, au kutumia kipimo cha kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka kwenye mwako. Kadhalika, zulia la upande wa abiria likiwa limelowa na vioo vya mbele vikipata ukungu wenye mafuta, tafuta kwenye rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi, ambako tochi haifiki. Katika gari moja la jamaa yangu hali ilikuwa hiyo, na kifaa kilithibitisha tu kwamba kuna uvujaji, mengine tuliyatambua kwa pua na viganja.

Nilipokuwa bado sijapata jibu nilishauriwa mara nyingi kumimina dawa ya kuziba matundu ndani ya tangi na kuendelea na safari. Naipinga kwa nguvu kwa magari ya aina hii. Dawa hiyo haichagui tundu. Inaganda pia kwenye mirija myembamba ya rejeta, kwenye hita na katika vali ndogo za kutolea hewa, na mfumo wenye mabomba marefu namna hii una njia nyembamba nyingi za kuzibwa. Isitoshe, kwenye kijimfereji kilichokuwa kwangu, kuziba kwa muda kungeuficha mpira uliokatwa nusu, na siku mpira huo ungepasuka kulanti yote ingemwagika kwa dakika chache. Kuhusu kulanti yenyewe, rangi yake si ushahidi wa aina yake, kwa hiyo wakati wa kuongeza fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, changanya na maji yaliyotoneshwa, na usichanganye aina mbili ambazo dawa zake za kuzuia kutu hazipatani, kwani zaweza kuganda kuwa uji ndani ya mfumo. Iliyomwagika ifutwe na kuoshwa mara moja. Glikoli ina ladha tamu na ni sumu kali, watoto na wanyama wa nyumbani huvutiwa nayo, na kiasi kidogo kinatosha kuharibu figo.

Kwa mwenye gari la michezo anayelitunza nyumbani, naipendekeza seti hii kwa moyo mweupe licha ya geji yake iliyobanana na ule mpira wa adapta ulionipotezea karibu saa nzima. Iliniepusha na kufungua pampu ya maji iliyokuwa nzima, iliniepusha na kufungua silinda hedi isiyo na tatizo, na ilinionyesha kasoro mbili pale nilipodhani kuna moja. Kwa mwenye gari la kawaida lenye injini mbele na nafasi ya kutosha ya kuingiza mkono, manufaa yapo ila ni madogo zaidi, na tochi nzuri pamoja na kipande cha boksi sakafuni huenda vikamtosha kwa kuanzia. Fundi anayepima magari kila siku namshauri atafute seti yenye geji ya kipimo kifupi na adapta za chuma, kwa kuwa hizi za plastiki zimeanza kuonyesha mikwaruzo kwenye nyuzi baada ya mara sita tu.

Sasa ni wiki ya kumi na moja tangu nirudishe ngao ya chini. Jumamosi iliyopita kiwango kilikuwa juu ya ile alama ya wino, palepale kilipokuwa siku ya kwanza, na mpira wa adapta niliupaka silikoni tena kabla ya kuurudisha sandukuni, safari hii ukiwa umelazwa bapa bila mkunjo.